Kungoja Upepo: Mikutano ya Biashara na Michezo katika Historia ya Visiwa vya Lamu

Biashara ya masafa marefu katika visiwa vya Lamu ilijengwa juu ya kungoja. Chombo kilichotoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi au pwani ya magharibi ya India kililetwa na kaskazi, yaani upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na hakikuweza kurudi kwao mpaka kusi, upepo wa upande wa pili, uanze kushika baada ya Aprili; na kwa kuwa kusi ikikolea katikati ya mwaka huchafua bahari kiasi cha kuzuia safari, nahodha alilazimika kuichagua siku ya kuondoka kwa uangalifu mkubwa. Kati ya kushusha shehena na kutweka tanga tena palibaki wiki nyingi ambazo wageni na wenyeji hawakuwa na budi kuzitumia pamoja, wakikaa, wakila, wakicheza, wakioana na kupatana bei. Ni katika wiki hizo za kungoja ndipo ulipokomaa utamaduni wa mikutano ambao visiwa hivi viliendelea kuwa nao hata baada ya majahazi yenyewe kupungua.

Kuweka mazungumzo ya biashara kando ya mchezo, ibada au karamu si jambo la Lamu peke yake. Mikutano mikubwa ya sekta ya gofu, ambayo leo huwakutanisha watengenezaji wa vifaa, wasimamizi wa viwanja na mawakala wa safari, ina asili inayofanana sana na hiyo: maonyesho ya bidhaa ya PGA, chama cha wanagofu wa kulipwa wa Marekani, yalianza mwaka 1954 huko Dunedin, katika jimbo la Florida, ambako wauzaji wa vifaa walifungua mabuti ya magari yao katika maegesho ya klabu, kwa sababu walimu wa mchezo huo walikuwa wamekwisha kukusanyika hapo kwa mashindano ya majira ya baridi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Watu walikuwa wameletwa na hali ya hewa na mchezo, na biashara ikawakuta papo hapo. Mwanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki hana sababu ya kuustaajabia mwanzo wa namna hiyo, kwani visiwa vya Lamu vilikuwa vimeishi nao kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ushahidi wa kale kabisa uko chini ya ardhi. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980 ulifichua makazi yaliyoanza katika karne ya 8, yenye misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, kwanza kwa miti na udongo na baadaye kwa mawe; na huko Manda, mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kufikia karne ya 9 mji ule ulikuwa ukipokea vyombo vya kauri kutoka Ghuba na kutoka mbali zaidi. Mwaka 2013, katika kisiwa hicho hicho cha Manda, watafiti waliokuwa wakichimba walipata sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Sarafu moja haithibitishi kwamba mabaharia wa China walitia nanga pale, na wanaoishikilia kama hati ya ziara huwa wanaitwisha mzigo isiouweza. Kinachoonekana wazi ni kwamba vitu vilipita mikono mingi kabla ya kufika, na kila mkono ulikuwa na mahali pake pa kukutana na mwingine.

Mahali hapo palikuwa nyumba. Katika mji wa Lamu, na pia Pate na Siyu, nyumba ya mawe ya tajiri ilijengwa kwa mpango uliozingatia ujio wa wageni. Mbele ya mlango wa kuchonga palikuwa na daka, yaani ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe pande zote mbili, ambamo mwenye nyumba alipokea wageni, akasikia habari za bei na kuamua nani wa kuingia zaidi. Ndani, vyumba virefu vyembamba vilifuatana kutoka uwani, kila kimoja kikiwa cha siri zaidi kuliko kilichotangulia, mpaka kwenye kile cha mwisho ambacho kuta zake zilipambwa kwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kauri. Mgeni wa kawaida hakufika huko. Mfanyabiashara aliyekuja na msimu alitengewa sabule, chumba cha wageni chenye njia yake, ambacho kilimwezesha kulala, kula na kupokea watu wake kwa miezi bila kukutana na wanawake wa nyumba. Msanifu Usam Ghaidan, aliyeichunguza Lamu katika miaka ya 1970, aliichora mipango hii kwa undani, na michoro yake inaonyesha jinsi hata kipimo cha vyumba kilivyotokana na biashara: upana wake haukuzidi urefu wa boriti, nguzo za mikoko zilizobeba dari, hata nyumba ya tajiri mkubwa ikawa na vyumba vyembamba kama vya jirani yake.

Mpango huo wa nyumba ulibeba kazi ambayo mahali pengine hufanywa na mikataba na mahakama. Nahodha aliyefikia kwa mwenyeji fulani alijulikana mjini kote kuwa ni mgeni wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemtafutia madalali, akamhifadhia mali isiyouzika kabla ya kusi, akamdhamini kwa waliomkopesha na akabeba aibu mgeni alipotoroka na deni. Uhusiano ukidumu kwa misimu kadhaa, mara nyingi ulifungwa kwa ndoa, na watoto waliozaliwa wakawa na jamaa pande zote mbili za bahari. Koo nyingi za Lamu zenye asili ya Hadhramaut zina historia ya namna hiyo. Mtu anayehudhuria mkutano wa siku tatu wa sekta yoyote leo hupata majina na ahadi nyingi, lakini hapati mdhamini. Kwa mizani ya Waamu, yaani watu wa Lamu, wa zamani, mkutano wa namna hiyo ungehesabiwa kuwa salamu tu, mambo yenyewe yakisubiri daka.

Shehena zilizoendeshwa na mfumo huo zilibadilika kwa nyakati. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, nafaka na simsim vilitoka. Tende, chumvi, vitambaa, mazulia, mabirika ya kahawa na samani viliingia. Hata hivyo, bidhaa iliyodumu kuliko zote, na iliyofundisha zaidi namna ya kupatana, ilikuwa boriti. Mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nguzo zake, zilizohesabiwa kwa korija, yaani fungu la ishirini, zilihitajika katika nchi za Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Wakataji, wengi wao wakiwa Wabajuni, waliingia mikokoni kwa kufuata bamvua na maji mafu, wakapanga nguzo kwa unene, kuanzia fito nyembamba mpaka nguzo nene. Na kwa kuwa chombo cha mgeni hakikuweza kungoja baada ya kusi kushika, kila upande ulijua udhaifu wa mwenziwe. Nahodha alijidai hana haraka, na mkataji akajidai ana mnunuzi mwingine. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait kilichoshuka pwani hii mpaka delta ya Rufiji kutafuta boriti, alieleza jinsi si nahodha peke yake aliyefanya biashara bali mabaharia nao, kila mmoja akiwa na sanduku lake la bidhaa ndogo ndogo. Kila chombo kilikuwa soko zima linaloelea. Biashara hiyo iliendelea mpaka mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa nguzo za mikoko kwenda nje ili kuokoa misitu, na sababu kubwa ya mwisho ya majahazi ya Ghuba kufika Lamu ikaondoka.

Katika wiki za kungoja watu walicheza pia, na mchezo wa kwanza kutajwa ni bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na huchezwa kwa hatua mbili, ya kwanza ikiitwa namua, ambapo kete hutiwa moja moja, na ya pili mtaji, ambapo zile zilizokwisha kuingia ndizo zinazozungushwa. Mchezo mmoja kati ya mafundi unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, watazamaji wakiuzunguka na kutoa maoni, na kwa hiyo daka au kivuli chenye bao kilikuwa mahali ambapo mtu aliweza kukaa karibu na mshindani wake wa biashara bila kulazimika kueleza kwa nini amekuja. Wanagofu wanaotembea wanne wanne kwa saa nne kupitia mashimo 18 hupata nafasi ile ile ya kuzungumza kwa vipande, baina ya pigo na pigo, pasipo macho ya kukabiliana mezani.

Mashindano ya kundi zima yalikuwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umegawanyika kwa ushindani. Mapokeo ya Lamu yanaeleza kuwa wazee wa makundi mawili, Zena na Suudi, waliutawala mji kwa zamu katika baraza lililoitwa Yumbe, na ushindi wa Waamu dhidi ya Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 au 1813, ndio uliowaunganisha kwa muda na kuwafanya waombe ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ngome inayosimama katikati ya mji ilikamilika takriban mwaka 1821. Chini ya Waomani nguvu ya baraza ilipungua, lakini uhasama wa mitaa, hasa Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini, ulihamia kwenye ngoma, karamu na, mwanzoni mwa karne ya 20, beni, yaani ngoma za mashindano zilizoiga bendi za kijeshi, ambazo mwanahistoria Terence Ranger alizifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975. Kundi liliposhindwa kwa ukarimu lilishindwa kweli. Wageni wa msimu walikuwa mashahidi wa ushindani huo, na sifa waliyorudi nayo kwao, kwamba mtaa fulani au nyumba fulani ina uwezo, ilikuwa na thamani ya mkopo mwaka uliofuata.

Ukoloni uliibadilisha jiografia ya mikutano kabla ya kubadilisha chochote kingine. Mwaka 1888 Wajerumani waliokuwa na ulinzi wao huko Witu, bara ya Lamu, walifungua posta mjini Lamu, nao wakaifunga mwaka 1891 baada ya mkataba wa Julai 1890 kuukabidhi ukanda huo kwa Waingereza. Kwa kitambo kifupi ilionekana kwamba Lamu ingekuwa mlango wa dola la Ulaya. Haikuwa hivyo. Reli iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria ilivuta meli za mvuke, fedha na maofisa kuelekea kusini, na kufutwa kwa utumwa pwani ya Kenya mwaka 1907 kukamaliza mashamba ya nafaka yaliyokuwa yakijaza maghala ya Lamu. Gofu ilifuata reli. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na ya Mombasa mwaka 1911, na katika klabu hizo, zilizofungwa kwa muda mrefu kwa Waafrika na Waasia, maofisa, mawakili na wakurugenzi wa makampuni walizungumza mambo ambayo baadaye yalifika ofisini yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Lamu haikupata sehemu katika ramani hiyo. Hata leo, wakati pwani ya Kenya ina kiwanja kama Vipingo kilichopokea mashindano ya wanawake ya Ulaya mwaka 2019, jiografia yenyewe inavizuia visiwa hivi: maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kiwanja cha nyasi cha mashimo 18 kingekuwa mshindani wa visima vya watu.

Kilichoipa Lamu uhai mpya wa mikutano, katika miaka ile ile ambayo bandari ilikuwa ikififia, kilitoka upande ambao maofisa hawakuutazamia. Habib Saleh, jina analojulikana nalo Sayyid Saleh bin Alwy Jamal al-Layl, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyefika Lamu katika robo ya mwisho ya karne ya 19, aliwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa ni wa kufundishwa, wakiwemo watumwa na wageni maskini, na kutoka kwenye mafundisho hayo ukazaliwa msikiti na chuo cha Riyadha upande wa Langoni. Yeye ndiye aliyesimamisha usomaji wa maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut kwa matari na zumari, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa zama zake. Peter Lienhardt, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1959, na baadaye Abdul Hamid el-Zein mwaka 1974, walieleza kwa urefu jinsi msikiti huo ulivyogeuza daraja za mji.

Sherehe hiyo hufanyika katika Mfungo Sita, mwezi ambao Waislamu wengine huuita Rabi al-Awwal, lakini kilele chake Lamu huwekwa katika juma la mwisho la mwezi, wakati miji mingine imekwisha kusherehekea, hivyo kwamba watu wa Mombasa, Malindi, Unguja, Tanga, Ngazija na pwani ya Somalia wanaweza kuhudhuria bila kuacha maulidi ya kwao. Kwa kuwa mwezi huo hufuata mwandamo, sherehe huzunguka mwaka mzima na haiutegemei upepo. Jambo hili halijatiliwa mkazo wa kutosha na walioiandika Lamu: maulidi yaliupa mji kalenda ya kukutanika isiyofungwa na kaskazi, wakati hasa ambapo mashine ilikuwa ikiondoa umuhimu wa kaskazi. Wageni waliendelea kufikia majumbani, wakalala sabuleni au juu ya dari; na pamoja na zefe, maandamano ya kwenda kuzuru kaburi la Habib Saleh, aliyefariki katikati ya miaka ya 1930, palipangwa ndoa, palilipwa madeni, palinunuliwa mitumba ya vitambaa na palitafutwa vijana wa kazi. Mchumi angeiita sherehe hii maonyesho ya biashara. Mcha Mungu angekasirika, na kwa haki, kwa sababu watu hawakwenda kwa ajili ya biashara hata kama walirudi nayo.

Michezo ya maulidi, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamekuwa yakishiriki kuipanga, inajumuisha mbio za punda, kuogelea, kuvuta kamba, bao na mashindano ya mashua. Mbio za punda hukimbizwa kwenye ukingo wa bahari, na vijana washindi hupata sifa inayoweza kuwapatia wateja wa mizigo, kwani mji wa njia nyembamba usio na magari hutegemea punda kubeba mawe, mchanga na vyakula. Tangu mwaka 1987 wanyama hao wana kituo chao cha tiba, kilichofunguliwa na shirika la Uingereza la hifadhi ya punda. Mashua nazo hushindana katika mkondo wa bahari kati ya Lamu na Manda, kila moja ikibeba heshima ya kijiji chake, Shela, Matondoni, Kipungani au kwingineko. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo, na mashua iliyoshinda ni tangazo la fundi aliyeiunda: mwenye fedha anayetaka chombo kipya hutazama jinsi mkuku unavyokata maji, tanga linavyoshiba na mabaharia wanavyoegemea nje ya ubavu kuisawazisha, kisha jioni humtafuta fundi huyo barazani. Hapa mchezo na soko ni kitu kimoja, na pengine hakuna mahali pengine katika visiwa ambapo mantiki ya zamani ya msimu imebaki kamili kiasi hiki.

Utalii ulikuja na mikutano ya aina nyingine. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, vijana wasafiri wa Ulaya na Marekani wakafuata katika miaka ya 1970, na baada ya UNESCO kuuorodhesha mji mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2001, Tamasha la Utamaduni la Lamu likawa sehemu ya kalenda ya kila mwaka. Tamasha lilikopa michezo yote ya maulidi na kuicheza mbele ya kamera. Kuna wazee wanaolaumu hilo, nao wana hoja, ingawa ni haki kukumbuka kwamba karamu za Mkomani na Langoni nazo zilifanywa ili mgeni azione. Tofauti ya kweli iko kwenye malazi: mgeni wa tamasha hulala hotelini, hana mwenyeji, na kwa hiyo mji haumdai wala yeye haudai mji. Udhaifu huo ulionekana baada ya utekaji nyara wa wageni huko Kiwayu na Manda mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wakati serikali za nje zilipowaonya raia wake na amri ya kutotoka usiku ikawekwa. Vyumba vya hoteli vilibaki vitupu, kwa sababu hapakuwa na deni wala ukwe wa kuwarudisha watu.

Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua Lamu mradi wa LAPSSET, unaohusisha bandari mpya, barabara, reli, bomba la mafuta na mji wa kitalii. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021, na meli zinazofunga hapo hazingoji upepo. Mipango yake ilijadiliwa katika kumbi za Nairobi na za miji ya nje, kwa utaratibu wa kawaida wa mikutano ya kimataifa ya wawekezaji, huku wavuvi wa visiwa ambao mikondo yao ingechimbwa wakibaki pembeni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.